Bambu ya Kochi

Alikuwa anavua viatu kabla ya kukasirika. Ukiona Kochi ameinama pembeni ya tereni, uwanja wetu wa voli, anafungua kamba polepole, anafunga viatu viwili pamoja na kuvitundika shingoni kama mutu anayetaka kuvuka muto, ujue kuna kijana amekosa. Viatu vilikuwa pea moja tu, na hasira yake ilikuwa ya kukanyaga chini kwa nguvu. Hakutaka kuviharibu kwa sababu ya makosa ya mutoto wa mutu mwingine. Halafu hakupiga kelele hata. Alikuwa ananong'ona. Vijana sita, karibu wote warefu kama miti ya mingazi, wanainamisha vichwa ili wasikie vizuri namna wanavyogombezwa.

Mimi nilisikia yote. Nyumba yangu inapakana na tereni ya shule, hapa Kasongo, na mupira wa voli ukitoka nje ulikuwa unaangukia kwenye muhogo wangu nilioanika. Nilirudisha mupira na matusi pamoja.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani. Hakunieleza, sikumuuliza. Kwetu mutu asiyeulizwa ukoo wake ni mutu ambaye watu wamekwisha kumukubali, ao ni mutu ambaye hakuna anayemujali. Yeye alikuwa yote mawili. Tulimuita Kochi, hata mapadri, hata wale wazee wa musikitini wasiojua voli ni kitu gani.

Darasani alikuwa anafundisha jiografia, na hakuwahi kufika hata Kindu. Siku moja nilimuuliza:

"Kochi, hiyo bahari unayowachorea watoto, wewe umeiona?"

"Hapana, Koko."

"Sasa unajuaje iko na chumvi?"

"Na wewe, Koko, Yesu umemuona?"

Nilimufukuza na mwiko. Alikimbia anacheka, mukono mbele ya kinywa, kwa sababu meno yake ya mbele yaliachana na alikuwa anayaonea haya. Mutu wa kusimama mbele ya darasa zima, anaonea haya meno.

Watu wote wananiita Koko, bibi, kwa sababu ya mujukuu wangu Musafiri, ambaye nilimulea toka akiwa wa kubebwa mugongoni. Musafiri njo alikuwa mupigaji wa timu. Nisijifiche: Kasongo nzima haikuwa na kijana wa kuruka kama yeye. Akiruka, unaweza kumaliza kumenya ndizi kabla hajarudi chini. Wanawake sokoni walikuwa wananisalimia kwa heshima ya miguu yake, na mimi niliitika. Kwa nini nisiitike? Miguu ile nilikuwa nimeilisha mimi, bugali na sombe, miaka kumi na saba. Rafiki yake alikuwa Amisi, mwana wa muuza vitambaa wa karibu na musikiti, kijana mufupi, mutulivu, mwenye vidole virefu. Amisi njo alikuwa anamutayarishia Musafiri mupira. Mumoja anaweka hewani, mwingine anapiga. Hata kwangu walikula hivyo: Amisi anamega bugali, Musafiri anachovya kwenye muchuzi.

Sasa nitasema kitu ambacho wengi hawakukijua. Kochi hakuwa anapenda mupira. Alikuwa anauangalia kama mukulima anavyoangalia jembe. Alichotaka ni vijana wasiende karieri. Upande wa Kabambare, kuelekea Lusangi, watu wanachimba zahabu kwenye mashimo, na kila mwaka vijana wa darasa la mwisho walikuwa wanaacha daftari kwenye dawati na kwenda huko kabla ya egzamen ya serikali. Wengine walirudi na pikipiki. Wengine hawakurudi.

"Koko," aliniambia, "kijana akiwa kwenye timu anabaki. Anaogopa kuachia wenzake nafasi tupu. Tukishinda Kabambare tutaendelea mupaka Kindu, na tukirudi toka Kindu egzamen imefika. Tukishindwa, musimu umekatika, na watakwenda. Sina kamba nyingine ya kuwafunga."

Alikuwa na maneno yake matatu ao manne, alikuwa anayazungusha kama mutu mwenye mashati machache. Neno kubwa lilikuwa hili: "Chini ni ya muhogo." Maana yake mupira usiguse chini, na mupigaji asipige chini kwa haraka ukaingia kwenye wavu, apige juu, apitishe. Alisema vile asubuhi, alisema vile jioni. Kijana akichelewa darasani: chini ni ya muhogo. Kijana akianza kuongea habari za Lusangi: chini ni ya muhogo. Vijana walimuigiza nyuma yake, na kunong'ona kwake, na viatu shingoni. Alijua. Siku moja aligeuka ghafula akamukuta Amisi ametundika ndala zake shingoni kwa kamba. Akasema, "Kamba imekaa vibaya," akamutengenezea, akaendelea na mazoezi.

Alikuwa mugumu. Wakati dada yangu alipokufa, Musafiri alikaa matanga siku tatu, na aliporudi Kochi alimukalisha nje kwa siku tatu, kwa sababu hakutuma habari. Nilikwenda kwake na mudomo wangu wote. Nilimuita mutu asiye na mama. Alinisikiliza mupaka mwisho. Kisha jirani ananiambia: ule mugeni aliyekuwa anapasua kuni nyuma ya nyumba ya musiba siku zote tatu, alfajiri, na kuondoka kabla watu hawajaamka vizuri, ulifikiri ni nani? Alikuwa Kochi. Kumbe alikuwa anajua musiba wote, na bado alimukalisha mutoto nje. Mutu wa namna hiyo unamuchukia vipi? Unamupenda vipi?

Na mwezi wa Ramazani alitoa sheria yake: kwenye tereni hakuna mutu wa kunywa maji. Nusu ya timu walikuwa Waislamu wanaofunga, nusu walikuwa wetu, Wakristo. "Koo moja," alisema. Yeye mwenyewe alikuwa wa misa, na alifunga na wao mwezi muzima, midomo imepasuka, ananong'ona kwa shida zaidi. Mama mumoja wa kanisani alikuja kulalamika kwamba Kochi anawasilimisha watoto. Nilimwambia: "Mama, mwana wako alikula mayai manne kwangu mchana huu. Nenda ukalale."

Sasa habari ya bambu.

Wavu, mupira na kamba vilikuwa vinakaa kwangu, kwa sababu shuleni mchwa wanakula hata milango. Na pamoja navyo ilikuwa bambu moja iliyonyooka, ambayo Kochi aliipima zamani kwa metri ya seremala na kuikata sawasawa na kimo cha wavu, kutoka chini mupaka kamba ya juu. Niliitundika jikoni, juu ya moto, moshi uiguse, wadudu wasiitoboe. Kwetu kila kitu cha kulinda kinakaa juu ya moto: mbegu, kitunga, samaki. Ikawa nyeusi na kung'aa kama fimbo ya chifu. Kila siku kabla ya kufunga wavu, Kochi alikuwa anaisimamisha, anasimama pembeni yake, ananyosha mukono juu. Bambu ilikuwa inapita ncha ya vidole vyake kwa kiganja kimoja. Anaangalia, anasema, "Kiganja kimoja. Bado sijafupika." Kila siku. Vijana walikuwa wanasema pamoja naye.

Likizo ya Noeli, mbuzi ya jirani iliingia kwenye muhogo wangu. Nilishika kitu cha kwanza mukono wangu ulichokikuta. Mbuzi iliruka, bambu ilipiga jiwe, ikavunjika katikati vipande viwili, meno meno kama musumeno.

Ningeweza kusema siku ile ile. Ni neno moja: imevunjika. Lakini Kochi alikuwa ameniambia mbele ya vijana wote, "Koko njo mulinzi wetu," na Musafiri alikuwa ametembea siku ile kifua mbele kwa sababu ya koko wake. Mulinzi anavunja bambu kwa sababu ya mbuzi? Nilikwenda mutoni, nikakata bambu nyingine. Nililaza vile vipande viwili chini, ncha kwa ncha, nikalaza ile mupya pembeni, nikakata. Sikufikiri kwamba yale meno, bambu ilipokuwa muzima, yalikuwa yanaingiliana. Mutu aliyefika darasa la tatu anaweza kuhesabu mayai; meno ya bambu hakufundishwa. Nikaitundika juu ya moto na majani mabichi, moshi mupaka macho yangu yakavimba. Vijana waliporudi likizo ilikuwa nyeusi kama nyingine. Vile vipande nilipikia maharagi.

Kochi aliisimamisha, akanyosha mukono. Akakaa hivyo muda mukubwa kuliko siku zote.

"Koko," akasema, "hii bambu ni ile?"

Vijana wote walikuwa pale, Musafiri mbele yao.

"Ni ile ile," nikasema. "Ao unafikiri mimi ninakula bambu?"

Walicheka sana. Kochi aliangalia vidole vyake, akaangalia bambu, akashusha mukono. "Samahani, Koko." Toka siku ile hakunyosha mukono tena. Nilifikiri ameamini. Nilimushukuru Mungu kwa upumbavu wa watu wenye masomo.

Na walishinda! Timu zote za karibu zilikuja kwetu, kwa sababu tereni yetu njo ilikuwa na wavu muzuri, na zote zilirudi na aibu. Mipira yao ilikuwa inaingia kwenye wavu kama samaki. Walisema Kasongo wamefunga dawa kwenye kamba. Kochi mumoja wa Nyangwe, mutu mufupi mwenye sauti kubwa, alisimama katikati:

"Wavu yenu iko juu!"

"Leta bambu," Kochi wetu akanong'ona.

Nilileta mimi mwenyewe, kichwa juu, kitenge kipya. Wakapima. Bambu na wavu vilikuwa sawa kabisa. Mutu wa Nyangwe akarudi kwa timu yake. Nilirudi nayo jikoni, na nilikuwa ninajisikia kama mimi njo nimepiga mipira yote.

Safari ya Kabambare ilikuwa mwezi wa tano. Vijana walikwenda na kinga, baiskeli, wawili kwa kila moja, kwa zamu, siku mbili kwenye matope. Mimi nilipanda pikipiki, mupira kwenye mapaja. Dereva aliniuliza, "Koko, unakwenda kucheza?" Nikamwambia, "Ninakwenda kuzika Kabambare." Sipendi kukumbuka neno hilo.

Tereni yao ilikuwa imefagiliwa, udongo mwekundu, watu wamejaa mupaka juu ya miti. "Warefu wa Kasongo! Leo mutakula vumbi!" Nilisimama: "Vumbi ni chakula chenu, sisi tumeleta bugali!" Walinipigia makofi hata maadui. Ilikuwa furaha yangu ya mwisho siku ile.

Amisi aliweka mupira wa kwanza hewani, muzuri, laini. Musafiri aliruka, nikaona jua chini ya miguu yake, akapiga. Mupira ulipita wavu, ulipita vijana wao, ulipita mustari, ukaenda kuangukia kwenye beseni ya mama anayeuza karanga. Watu walicheka: "Anapigia Lusangi!" Wa pili, vile vile. Wa tatu. Nikaangalia wavu ule, nikaangalia mujukuu wangu ambaye kifua chake chote kilikuwa kinapita kamba, na nikaelewa. Wavu wao haukuwa mufupi. Wetu njo ulikuwa murefu. Vijana wangu walikuwa wamejifunza kupigia mahali ambapo wavu haukuwepo.

Kochi hakuvua viatu. Alifanya kitu ambacho hatukuwahi kukiona: alipiga kelele.

"Chini! Pigeni chini!"

Vijana wakaangaliana. Mwaka muzima mutu anawaambia chini ni ya muhogo. Amisi akadhani wanajaribiwa. "Kochi," akajibu na tabasamu, "chini ni ya muhogo!" Na akaweka mupira juu zaidi.

Kati ya seti ya kwanza na ya pili, Kochi aligeuka, akatafuta kwenye watu mupaka akanipata. Aliniangalia tu. Ningeweza kuvuka mustari, hatua kumi, niseme: ile bambu nilikata mimi, ni ndefu, waambie watoto. Nilifungua kitambaa changu cha kichwa, nikakifunga upya, polepole, kama mutu mwenye kazi nyingi. Nilipomaliza, seti ya pili ilikuwa imeanza.

Walishindwa seti tatu. Musafiri alikaa chini, kwenye udongo, na hakuna aliyemwambia ni ya nani.

Tulipofika nyumbani, Prefe, mukubwa wa shule, alipima wavu wa tereni yetu kwa metri ya kweli. Akaita wazazi. Nilikaa kwenye benchi la mbele, kwa sababu mimi njo ninakaa benchi la mbele kila mara.

"Vidole vinne vya zaidi!" Prefe akasema. "Musimu muzima! Watoto wa watu wamechekwa kwa sababu ya vidole vinne. Nani alipima wavu huu?"

"Mimi," Kochi akasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa macho yangu."

Hakutaja bambu. Hata hakuniangalia. Alikuwa mwalimu wa kuwekwa na wazazi, hakuwa na serikali ya kumutetea, na wazazi walimuondoa mchana ule ule. Walipiga kura kwa kunyosha mikono. Mimi wangu sikuunyosha, na nilijiambia hiyo ni wema.

Wiki haikuisha, vijana wanne walikuwa wamekwenda karieri. Musafiri hakuniaga, niliikuta sahani yake imeoshwa na kufunikwa, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Amisi alimufuata, kama siku zote. Kochi naye alikwenda huko kuwatafuta, shimo kwa shimo, anauliza kwa ile sauti yake ndogo kati ya watu wanaopiga kelele. Alikuta shimo limeanguka asubuhi. Walichimba kwa mikono, yeye na Musafiri, na bega la Kochi lilipondwa na gogo. Amisi waliyemutoa hakuwa na pumzi. Musafiri hajarudi. Ananitumia salamu na watu wa pikipiki: mwambieni Koko niko. Hivyo tu. Niko.

Mama ya Amisi bado ananiuzia vitenge. Ananichagulia vizuri.

Mwezi uliopita nilikwenda upande wa barabara ya Nyangwe, ambako Kochi anatengeneza kinga chini ya shiti ya plastiki. Nilibeba bambu begani. Nilikuwa nimesema kichwani maneno mengi njia nzima, na nilipofika nilisema haya tu:

"Kochi, nimekuletea bambu yako."

Alifuta mafuta mikononi. Viatu vilikuwa shingoni, vile vile, vimezeeka.

"Hiyo si yangu, Koko."

"Unajua?"

"Toka siku ya kwanza. Ilizidi vidole vinne."

Nilishusha bambu begani. "Sasa kwa nini hukusema?" Nilipaza sauti, kama vile yeye njo alinikosea. "Una kinywa! Una masomo!"

"Ulisema ni ile ile. Mbele ya mujukuu wako." Alizungusha tairi, likalia taratibu. "Ningefanya nini, Koko? Nitafute metri, nipime neno la muzee mbele ya watoto? Nikasema, haizuru, wataruka zaidi. Halafu tukaanza kushinda, na mutu anayeshinda hatafuti metri. Nilikuwa ninangoja uniambie wewe. Hata Kabambare nilingoja."

"Niliona."

"Ee. Ulikuwa unafunga kitambaa."

Pikipiki ilipita, vumbi likatufunika, tukangoja litulie.

"Tulikuwa wawili tunajua," akasema. "Na wao sita, hata mumoja hakujua."

Sikuomba musamaha. Nimewaambia mimi ni mutu wa namna gani. Nilisema, "Simama, upime, nione." Kama ninamuamuru mutoto. Na yeye alisimama. Niliishika bambu wima, yeye akaja pembeni yake, akanyosha mukono. Mukono ulifika kwenye sikio, ukasimama pale, bega lile lililopondwa halikukubali zaidi. Alijaribu tena. Juu yake ilibaki bambu tupu, ndefu, nyeusi.

"Sasa nimefupika," akasema, na mukono ule mwingine ukapanda kuficha meno.

Hakuichukua. Nilirudi nayo. Nilipita kwenye tereni: Prefe amelima yote, amepanda muhogo, majani yamefika kiunoni. Jikoni nikaitundika pale pale juu ya moto. Iko pale leo. Nikipika, masizi yanaangukia kwenye sufuria. Sijui ninamuwekea nani.